Karen Blixen: Kisu cha daktari kilishindwa kumaliza maumivu ya mwandishi wa Ngong

GARI la moshi lililoondoka Mombasa katikati ya Januari 1914 lilikata nyika ya Taru, likapita Maungu na kuelekea Voi, likiwa limembeba bibi harusi mwenye umri wa miaka 28 kutoka Denmark. Alikuwa ameshuka melini akiitwa Karen Dinesen. Alipopanda gari la moshi alikuwa tayari ni Karen Blixen, kwani tarehe 14 mwezi huo alifunga ndoa papo hapo mjini Mombasa na Baroni Bror von Blixen-Finecke wa Uswidi, ambaye alikuwa ametangulia Kenya kutafuta shamba.

Miaka 17 baadaye reli hiyohiyo ilimrudisha pwani. Gari lilipita Voi, likapita Maungu, likateremka hadi bandarini. Safari hii hakuwa na mume wala shamba. Mwanamume aliyempenda kuliko wote alikuwa ameteketea ndani ya ndege pale Voi miezi michache iliyotangulia. Kitu kimoja tu alichokipata Kenya aliondoka nacho mwilini: ugonjwa ambao ungemlaza mara mbili mbele ya madaktari wa upasuaji wa uti wa mgongo, na ambao hata baada ya visu hivyo haukumpa nafasi ya kupumua hadi alipofariki mwaka 1962.

Wakenya wengi wanamfahamu kupitia mtaa wa Karen jijini Nairobi, jumba lake la makumbusho lililo chini ya vilima vya Ngong, au filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na kitabu chake Out of Africa. Filamu hiyo inakoma pale anapoondoka nchini. Miaka 31 iliyofuata, ambayo ndiyo iliyomfanya mwandishi na ndiyo iliyomtesa zaidi, haizungumzwi sana.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 katika nyumba ya Rungstedlund, kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwindaji na mwandishi. Mwaka 1895, Karen akikaribia kutimiza miaka 10, baba huyo alijiua. Bintiye aliyekuwa akimpenda mno alilelewa na mama, nyanya na shangazi waliokuwa watu wa dini na nidhamu kali, na ni rahisi kuona kwa nini alipopata nafasi ya kwenda mbali aliichukua. Hata uchumba wake na Bror, ambaye alikuwa binamu yake wa mbali, ulianza baada ya kumpenda bila mafanikio Hans, pacha wa Bror.

Fedha za familia yake ndizo zilizonunua shamba la Ngong, ambalo baadaye lilifikia takriban ekari 6,000, ingawa sehemu iliyopandwa kahawa ilikuwa kama ekari 600. Lilikuwa shamba zuri kwa macho na baya kwa kahawa. Liko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ilikuwa ya kubahatisha, na udongo wake haukuufaa mmea huo. Wenye hisa huko Denmark waliendelea kutia pesa mwaka baada ya mwaka na kuvuna hasara.

Haikuchukua muda kabla ya mwili wake kuanza kumsaliti. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa alishikwa na homa isiyoeleweka, akakosa usingizi na nguvu. Alipopimwa na daktari mjini Nairobi akaambiwa ana kaswende, na aliyemwambukiza ni mumewe, ambaye hakuwa mtu wa kujizuia mbele ya wanawake. Dawa aliyopewa ilikuwa vidonge vya zebaki. Leo jambo hilo linatisha kulisikia, lakini penisilini haikuanza kutumika kutibu kaswende hadi mwaka 1943, na zebaki ilikuwa tiba ya karne nyingi, ikimdhuru mgonjwa pamoja na ugonjwa wake.

Mwaka 1915, vita vikuu vikiwa vimepamba moto, alisafiri kurudi Denmark na kulazwa hospitalini Copenhagen, ambako alitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na aseniki. Mama yake aliachwa aamini kwamba binti alikuwa na maradhi ya nchi za joto. Siri hiyo aliibeba kwa miaka mingi, akiwaambia wachache tu, akiwemo ndugu yake Thomas. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa hakuwa tena na uwezo wa kuambukiza mtu. Maumivu, hata hivyo, hayakusoma vipimo hivyo. Aliporejea Ngong yalikuja kwa vipindi: msokoto wa tumbo uliomwangusha chini, kutapika, na maumivu yaliyozunguka kiunoni na mgongoni, kisha utulivu wa wiki au miezi, kisha yakarudi.

Katika hali hiyo ndipo alipofungua kliniki yake ndogo. Kila asubuhi kati ya saa tatu na saa nne, wafanyakazi wa shamba na jamaa zao walifika nyumbani kwake wakiwa na majeraha ya moto, mivunjiko, vikohozi na homa. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa na sanduku la dawa, vitabu viwili vitatu na ujasiri ambao mara nyingine ulipita ujuzi wake. Miongoni mwa waliofika ni mtoto wa Kikuyu aliyeitwa Kamante Gatura, miguu imejaa vidonda vilivyooza. Alijaribu kumtibu akashindwa, akampeleka katika hospitali ya misheni ya Waskoti. Kamante alikaa huko kwa miezi kadhaa, akarudi amepona, akawa mpishi hodari aliyezungumzwa na kila mgeni aliyekula nyumbani hapo.

Inafaa kukumbukwa kwamba kila alipokuwa akifunga vidonda vya Kamante, mama huyu naye alikuwa mgonjwa asiyejua kama atapona. Walijuana kwa namna hiyo: mmoja mtoto aliyekuwa amezoea maumivu kiasi cha kutolia, mwingine mtu mzima aliyekuwa akijifunza jambo hilohilo. Pengine ndiyo maana kurasa alizoandika kumhusu Kamante zina uzito kuliko nyingi alizoandika kuhusu wageni wake wa Kizungu.

Ndoa yake ilivunjika. Bror alihama, na talaka ikakamilika mwaka 1925. Kwa wakati huo mgeni mwingine alikuwa amezoeleka nyumbani hapo. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza wa ukoo wa kifahari, alikutana na Karen katika klabu ya Muthaiga mwaka 1918, na miaka iliyofuata aliifanya nyumba ya Ngong kuwa kituo chake kila aliporudi kutoka mbugani. Alimletea vitabu, sahani za muziki, na hatimaye ndege ndogo aina ya Gipsy Moth ambayo walipaa nayo juu ya vilima na juu ya maziwa. Aliketi na kumsikiliza akisimulia hadithi. Kwa mwanamke ambaye baadaye angeishi kwa kusimulia, msikilizaji huyo wa kwanza alikuwa na thamani kuliko zawadi zote.

Mwezi Mei 1931, shamba likiwa tayari limeuzwa, Finch Hatton aliruka hadi pwani, alikokuwa na ardhi Takaungu, kisha akaelekea Voi kutafuta makundi ya tembo kutoka angani. Asubuhi ya tarehe 14 Mei ndege yake iliondoka katika uwanja wa Voi, ikazunguka, ikaanguka na kushika moto. Alikufa yeye pamoja na mtumishi wake Kamau, ambaye kwa bahati mbaya jina lake hutajwa kwa nadra katika masimulizi ya mapenzi hayo, ilhali walikufa kifo kimoja na dakika moja. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, mahali ambapo yeye na Karen walikuwa wamepapenda.

Wiki zake za mwisho nchini Karen alizitumia kubisha hodi katika ofisi za serikali ya kikoloni. Maskwota walioishi shambani mwake walikuwa wakifukuzwa kwa kuwa mnunuzi alitaka kuikata ardhi viwanja, na sheria haikuwapa pa kwenda pamoja. Alisumbua maafisa mmoja baada ya mwingine hadi wakakubali kuwapa watu hao sehemu katika eneo la Dagoretti wakae kama jamii moja. Baada ya hapo alipanda gari la moshi. Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba yake tangu siku ya kwanza, alimsindikiza.

Alirudi kwa mama yake Rungstedlund akiwa na umri wa miaka 46, hana pesa, hana kazi. Thomas alikubali kumsaidia kwa muda ili aandike. Aliandika kwa Kiingereza, kwa jina la kiume la Isak Dinesen, na mwaka 1934 kitabu chake cha kwanza, Seven Gothic Tales, kikachapishwa Marekani na kupokewa kwa shangwe. Miaka mitatu baadaye, 1937, kikafuata kile cha Kenya. Kitabu cha hadithi alichokitoa mwaka 1942, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, ilibidi mswada wake upitie Uswidi ndipo uwafikie wachapishaji wa ng'ambo.

Huku sifa zikipanda, vile vipindi vya maumivu vilizidi kukaribiana. Miguu nayo ilianza kupoteza uthabiti. Daktari wake, Mogens Fog, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya neva na mmoja wa viongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, aliamini kwamba kaswende ya mwaka 1914 ilikuwa imeingia katika uti wa mgongo. Aina hiyo ya ugonjwa hula mizizi ya neva za nyuma ya uti, ikasababisha mashambulizi ya maumivu ya tumbo yanayofanana kabisa na yale aliyoyapata.

Mwaka 1946, akiwa amevuka miaka 60, alifanyiwa upasuaji wa kwanza. Mwaka huohuo Bror alikufa katika ajali ya gari huko Uswidi.

Msomaji wa leo anaposikia upasuaji wa uti wa mgongo huenda akafikiria ule wa kuunganisha pingili, ambapo madaktari hugandisha mifupa miwili au zaidi kwa kipande cha mfupa na skrubu ili isisuguane. Upasuaji huo ulikuwapo tayari, kwani ulianza kufanywa New York mwaka 1911. Lakini kwa Karen Blixen tatizo halikudhaniwa kuwa la mifupa. Madaktari walifuata njia nyingine, ambayo ni kukata neva zinazobeba habari ya maumivu kabla hazijaufikia ubongo. Ni kama kukata waya wa simu kwa sababu ujumbe unaoletwa ni mbaya. Huo ujumbe hausikiki tena, lakini kule unakotoka mambo yanaendelea vilevile.

Alipata nafuu, kwa muda. Katika miaka hiyo aliandika, akaalika washairi vijana nyumbani kwake, akaanza kuzungumza redioni na kuwa sauti inayojulikana kote Denmark. Mmoja wa vijana hao, mshairi Thorkild Bjørnvig, alielezwa naye jambo ambalo hakulisahau: kwamba alipojua ugonjwa wake ni wa aina gani aliiahidi roho yake kwa shetani, na shetani naye akaahidi kwamba lolote litakalompata litageuka hadithi. Si lazima mtu aamini mkataba wa namna hiyo ili aone kilichokuwa ndani yake. Mgonjwa aliyenyimwa tiba alikuwa akitafuta faida ndani ya ugonjwa.

Kisha maumivu yakarudi kwa nguvu. Mwaka 1955 alilazwa tena na kufanyiwa upasuaji wa pili wa uti wa mgongo, na muda si mrefu baadaye upasuaji mwingine uliomwondolea sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda. Alikaa hospitalini kwa miezi kadhaa. Alipotoka, maisha yake hayakuwa tena ya mtu aliyekuwa mgonjwa akatibiwa, bali ya mtu anayeishi na matokeo ya tiba. Tumbo lilikataa chakula cha kawaida. Uzito wake, ambao haukuwa mkubwa tangu mwanzo, ulishuka chini ya kilo 40 na haukurudi. Kuketi mezani kwa muda mrefu hakukuwezekana.

Hapo ndipo nafasi ya Clara Svendsen inapoonekana. Mwanamke huyu aliyeingia kumtumikia kama katibu miaka ya 1940 aligeuka kuwa mkono wake. Karen alilala kitandani, au maumivu yalipozidi alilala sakafuni, akasimulia sentensi moja baada ya nyingine huku Clara akiandika. Mara nyingine walirudia ukurasa mmoja tena na tena. Kwa njia hiyo vilizaliwa Last Tales, kilichotoka mwaka 1957, na Anecdotes of Destiny cha mwaka 1958, ambacho ndani yake imo hadithi ya mpishi Babette, mwanamke anayetumia pesa zake zote kuwaandalia watu wengine karamu moja tu. Aliyeitunga hadithi hiyo ya vyakula vitamu alibaki kuwa mtu ambaye mlo wake ulizidi kupungua kila mwaka.

Miaka hiyo ilikuwa na wengine waliojulikana duniani kwa migongo iliyoharibika. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway, rafiki wa zamani wa Bror, alipata ajali mbili za ndege kwa siku mbili mfululizo nchini Uganda, karibu na maporomoko ya Murchison na kisha Butiaba. Alivunjika pingili za mgongo na kuumia kichwa, ini na figo. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi baadaye mwaka huo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba angefurahi zaidi kama ingekwenda kwa Isak Dinesen. Karen hakuipata tuzo hiyo hadi anakufa.

Oktoba mwaka huohuo wa 1954, seneta kijana wa Marekani, John F. Kennedy, ambaye Wakenya wangemjua baadaye kwa msaada wake wa kuwasafirisha wanafunzi wa Tom Mboya, alifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili mjini New York. Kidonda kiliingia vijidudu, akakaribia kufa, na mwaka 1955 ikabidi afunguliwe tena ili kuondolewa bamba la chuma alilowekewa. Hadi siku alipouawa mwaka 1963 alikuwa akifunga mkanda mgumu kiunoni. Tajiri mwenye madaktari bora wa Marekani, na mwandishi mwenye madaktari bora wa Denmark, walitoka hospitalini wakiwa na jibu moja: kisu kinaweza kubadilisha maumivu bila kuyamaliza.

Katika hali ya Karen Blixen kuna swali zito zaidi, nalo liliulizwa baada ya yeye kufa. Watafiti kadhaa wa tiba wamepitia kumbukumbu zake za hospitali na barua zake, na baadhi yao wanatilia shaka kwamba kaswende ndiyo iliyomtesa miaka hiyo yote. Wanasema inawezekana ugonjwa wenyewe uliisha mapema, na kwamba mengi yaliyomsumbua yalitokana na sumu ya zebaki na aseniki alizotibiwa nazo, pamoja na mazoea yake mwenyewe: dawa za kuharisha alizozitumia kwa wingi, sigara, na vidonge vya amfetamini vya kumchangamsha alipolazimika kusimama mbele ya watu. Wengine bado wanakubaliana na Fog. Jambo hilo haliwezi tena kupimwa.

Lakini uzito wake uko wazi. Ikiwa wenye shaka wana haki, basi neva zilikatwa mara mbili kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuwapo tena. Mwanamke huyo alikuwa amejenga nusu ya maisha yake juu ya utambuzi wa daktari mmoja wa Nairobi wa mwaka 1914. Ulimharibia ndoa, na ukampa ile hadithi ya shetani. Hakupata kujua kwa hakika kama ulikuwa wa kweli hadi mwisho.

Aliyetarajia kwamba mgonjwa wa namna hii angejifungia ndani alikosea. Mwaka 1958 alizungumza redioni akiwaomba wasikilizaji kila mmoja atume krone moja ili ardhi ya Rungstedlund ihifadhiwe kuwa makao ya ndege. Zaidi ya watu 80,000 waliitikia. Januari 1959 akaenda Marekani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akiwa na miaka 73, akifuatana na Clara. Kumbi zilijaa hadi watu wakakosa viti. Alipanda jukwaani akiwa mwembamba mno, macho yamepakwa wanja, akaketi na kusimulia hadithi zake kwa kichwa bila kutazama karatasi yoyote. Wenyeji wake waliambiwa kwamba mgeni hula chaza na zabibu na kunywa shampeni, jambo ambalo magazeti yaliligeuza kuwa kioja cha kifahari. Ukweli ni kwamba vilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo tumbo lake lilivikubali.

Mwezi Februari alikula chakula cha mchana nyumbani kwa mwandishi Carson McCullers, pamoja na mwigizaji Marilyn Monroe na mumewe Arthur Miller. Picha za siku hiyo zimezunguka dunia. Wengi huzitazama kwa sababu ya Monroe, na wachache huona kwamba mwenye nyumba alikuwa amepooza upande mmoja kwa kiharusi na mgeni wake alikuwa hawezi kumeza mkate. Ziara hiyo ya miezi mitatu ilimlaza kitandani zaidi ya mara moja. Kila alipoinuka aliendelea na ratiba.

Si kila mtu nchini Kenya humkumbuka kwa huruma, na haki yao ipo. Ngũgĩ wa Thiong'o, kabla ya kufariki mwaka 2025, alikuwa miongoni mwa waliomshutumu vikali, akionyesha jinsi kitabu chake kinavyowafananisha Waafrika na wanyama na kuifanya ardhi iliyonyakuliwa ionekane kama bustani ya mlowezi. Barua na kurasa zake zinathibitisha mengi ya hayo. Aliwapenda watu wa Ngong kwa namna ya bwana shamba, akiwatibu vidonda vyao na kupokea kazi yao. Kitabu chake cha mwisho kutoka akiwa hai, Shadows on the Grass cha mwaka 1960, kilirudi tena kwa Farah, kwa kliniki ile ya asubuhi na kwa wagonjwa waliokuwa wakimsubiri nje ya nyumba. Aliyekisimulia wakati huo alikuwa yeye ndiye mgonjwa anayesubiri.

Mwaka 1961 alifika Paris, ikawa safari yake ya mwisho nje ya nchi. Mwaka uliofuata alibaki nyumbani, akipokea wageni kwa saa chache, akila kidogo zaidi kila wiki. Alifariki Rungstedlund tarehe 7 Septemba 1962, katika nyumba aliyozaliwa, akiwa na umri wa miaka 77. Chanzo cha kifo kilitajwa kuwa utapiamlo. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba yake ya Ngong na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Yeye mwenyewe alizikwa chini ya mti mkubwa ndani ya ile hifadhi ya ndege iliyochangiwa na wasikilizaji wa redio, kaburi likafunikwa kwa bamba la jiwe lililoandikwa jina lake tu.